Mwalimu kahamia Tabora, deni la Gungu likamfuata: uchambuzi wa kisa cha mkataba wa intaneti ya nyumbani

Mwalimu wa sekondari amepanga nyumba Gungu, Kigoma. Nyumba ina intaneti ya faiba, mkataba wa miezi 24 kwa jina lake, na tayari ameshalipia miezi 14. Septemba inakuja barua ya uhamisho: anahitajika Tabora. Nyumba inachukuliwa na muuguzi kijana anayeanza kazi, na muuguzi anaitaka intaneti hiyo kama ilivyo kwa sababu usiku anasoma masomo ya mtandaoni. Wanaelewana vizuri. Mwalimu anaacha ukutani kisanduku kinachopokea faiba, anaandika neno la siri la waifai kwenye kipande cha karatasi, na wanakubaliana kwamba kila mwezi muuguzi atamtumia mwalimu 60,000 kwa simu, naye mwalimu atalipa kampuni. Tarehe 18 Septemba mwalimu anapanda treni.

Machi inayofuata, mwalimu anaomba kuunganishiwa faiba kwenye nyumba aliyopanga Cheyo, Tabora. Ombi linakataliwa. Namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inaonyesha deni la 180,000 kwa huduma ya Gungu, huduma ambayo kwa miezi mitatu hakuna aliyeitumia, si yeye wala muuguzi.

Kisa hiki tumekipanga kwa ajili ya uchambuzi, na viwango vya fedha ni vya mfano. Bei yako isome kwenye mkataba wako. Makosa yaliyomo ndiyo tunayotaka yaonekane, na yanaonekana vizuri zaidi yakifuatwa moja baada ya jingine, kwa sababu kila moja lilizaa lililofuata.

Neno "kuhamisha"

Mwalimu hakuwa mzembe. Wiki mbili kabla ya safari alipiga simu huduma kwa wateja, akasema: "Nimehamishwa kikazi, naomba kuhamisha intaneti yangu." Akaulizwa anahamia wapi. Akataja Tabora, Cheyo. Baada ya siku mbili akajibiwa kwamba kisanduku cha nguzo, kile ambacho nyaya za nyumba za jirani huchomekwa, kilicho karibu na nyumba hiyo kina nafasi nane na zote zimejaa, hivyo kwa sasa haiwezekani. Akashukuru, akaamini kuwa mkataba wake hauhamishiki, na hapo ndipo makubaliano ya mdomo na muuguzi yalipozaliwa.

Tatizo lilikuwa neno. Kwa Kiswahili "kuhamisha" kunabeba mambo mawili ambayo kampuni inayashughulikia kwa fomu tofauti. La kwanza ni kuhamisha huduma: jina la mteja linabaki, mahali panabadilika, mafundi wanakata waya wa zamani na kuvuta mpya. La pili ni kuhamisha mkataba: mahali panabaki, jina linabadilika, waya hauguswi. Halafu liko "kuhama mtandao" na namba yako, utaratibu ulioanza Tanzania Machi 2017, ambao ni wa laini za simu za mkononi na hauhusiani kabisa na faiba ya ukutani. Mhudumu akisikia "kuhamisha" kutoka kwa mtu anayehama mji, atafungua fomu ya kwanza. Hana sababu ya kufungua nyingine.

Mwalimu alitakiwa kusema hivi: "Naomba kubadilisha jina la mwenye mkataba. Mimi natoka, mtu mwingine anaingia. Nyumba ni ile ile na waya unabaki." Sentensi ya mwisho isiachwe. Ombi la kuhamisha huduma likikubaliwa kwa bahati mbaya, nafasi ya Gungu kwenye kisanduku cha nguzo inaachiwa na inaweza kupewa jirani anayesubiri. Muuguzi angerudi nyumbani akakuta waya umening'inia, na nafasi haipo tena.

Kilichomo ndani ya mkataba mmoja

Watu wengi hudhani wanapokabidhi kisanduku na neno la siri wamekabidhi intaneti. Wamekabidhi kifaa tu. Mkataba wa faiba ya nyumbani umefungwa kwa mafundo matano, na kila fundo linafunguliwa peke yake.

Jina na namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20, ndilo fundo kuu: huyo ndiye anayedaiwa. Kisha kuna akaunti ya mteja yenye namba yake ya malipo, ambayo haibadiliki eti kwa sababu anayelipa amebadilika. Kuna namba ya simu ya mawasiliano, inayopokea ankara, onyo la kukatiwa na misimbo ya uthibitisho. Kuna kifaa chenyewe, kile kisanduku kinachopokea faiba, ambacho mara nyingi ni mali ya kampuni na mteja amekabidhiwa kukitunza. Na mwisho kuna muda: miezi 24, ambayo kwa mwalimu ilibaki 10.

Fundo la namba ya simu ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na ndilo lililomuumiza mwalimu kwanza. Ankara zote ziliendelea kufika kwenye simu yake Tabora, na muuguzi aliyekuwa anaitumia intaneti hakuwa na njia ya kujua lolote.

Kutoka Oktoba hadi Februari

Oktoba ilipita salama. Muuguzi alituma, mwalimu akalipa.

Novemba ni mwezi wa mitihani ya kidato cha nne. Mwalimu alipangiwa usimamizi nje ya mji, simu akawa haishiki mchana, na ankara ikapitiliza. Huduma ikasitishwa. Muuguzi, asiyejua habari ya ankara kwa kuwa pesa alishatuma, alidhani ni hitilafu. Akazima na kuwasha kisanduku. Kisha akafanya kosa ambalo ni jepesi mno kulifanya: akachukua kijiti, akabonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde kumi na zaidi. Kwenye visanduku vingi kitendo hicho kinafuta jina la mtumiaji na neno la siri ambalo kampuni iliingiza siku ya kufunga. Mwalimu alipolipa, taa ya PON, ile ya muunganisho wa faiba, ilikuwa ya kijani imetulia, maana faiba ni nzima, ila taa ya intaneti haikuwaka. Fundi alihitajika ili kuingiza tu maneno mawili.

Hapo muuguzi alimwandikia mwalimu: "Shikamoo mwalimu, mtandao bado. Nimepiga huduma kwa wateja, wanataka NIDA yako na tarehe ya kuzaliwa." Mwalimu akajibu: "Marahaba mdogo wangu, nakutumia." Akatuma namba yake yote ya NIDA, na dakika chache baadaye akamtumia na msimbo wa uthibitisho uliofika kwenye simu yake. Nia ilikuwa njema kwa pande zote mbili. Lakini kwa namba hiyo na msimbo huo mtu anaweza kuomba mengi kwa jina lako, na ujumbe unabaki kwenye simu ya mwenzako siku ikiibiwa. Tunasema kwa msisitizo: makubaliano yanayokulazimisha kumpa mtu mwingine msimbo wa uthibitisho ni makubaliano mabovu, hata kama mtu huyo ni ndugu yako wa damu.

Desemba ikaja radi. Kigoma mvua ikishakolea, radi ni jambo la kutarajia. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme. Radi iliingia kwa njia ya umeme wa nyumba, ikaunguza adapta na kisanduku. Kama ni adapta pekee, tiba yake ni rahisi: soma maandishi yaliyo chini ya kisanduku, kwa kawaida volti 12, nunua yenye volti zile zile kamili na ampea zile zile au zaidi. Volti zikizidi unaunguza kisanduku, ampea zikipungua kinawaka na kuzima chenyewe. Lakini hapa kisanduku nacho kilikufa. Muuguzi akanunua kingine kilichotumika kutoka kwa fundi wa mjini, akachomeka waya. Taa ya PON ikawa inapepesa bila kutulia, na haikutulia kamwe.

Sababu yake ni hii. Mtambo wa kampuni haumtambui mtu wala nyumba, unatambua namba ya utambulisho wa kisanduku. Namba hiyo imeandikwa kwenye lebo, mbele ya maneno GPON SN, na ina herufi na tarakimu 12: nne za mwanzo ni alama ya kiwanda, kwa mfano HWTC kwa Huawei au ZTEG kwa ZTE, na nane zinazofuata ni za kisanduku chenyewe. Kisanduku kisichosajiliwa kwenye mtambo kinapokea mwanga lakini hakikubaliwi, ndiyo maana PON inapepesa. Ingekuwa taa ya LOS inawaka nyekundu, tungesema mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa sana kwenye kona, au kichwa chake kimechafuka. Dalili hizi mbili zisichanganywe, kwa sababu ya kwanza inatibiwa ofisini kwa kusajili namba na ya pili inatibiwa kwa fundi kuja nyumbani.

Kusajili kisanduku kipya kunahitaji ombi la mwenye mkataba. Mwenye mkataba yuko Tabora na amechoka. Muuguzi akaona hakuna intaneti, akaacha kutuma pesa, jambo ambalo kila mtu angelifanya. Kisanduku kilichoungua akakitupa. Ankara za Desemba, Januari na Februari zikaendelea kutoka, 60,000 mara tatu, kwa sababu mkataba wa malipo baada ya matumizi hudai ada ya mwezi hata kama hukuwasha kisanduku, mradi hitilafu haikuripotiwa.

Deni ni la nani?

Mbele ya kampuni, ni la mwalimu. Lote. Hili watu hulipinga kwa uchungu, lakini ndivyo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inavyoelekea: pande za mkataba zikikubaliana kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa zamani, wa zamani unakoma, zisipokubaliana, haukomi. Mdaiwa hawezi kumpa mtu mwingine deni lake bila anayedai kuridhia. Makubaliano ya mwalimu na muuguzi yanawafunga wao wawili tu. Kampuni haikuwepo sebuleni siku wanakabidhiana.

Kati yao wawili hesabu ni tofauti, na sisi tungeigawa nusu kwa nusu, 90,000 kila mmoja. Muuguzi alikuwa na kifaa mikononi na alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakifanyi kazi. Mwalimu ndiye pekee aliyeweza kuripoti hitilafu ikasikilizwa, na hakuripoti. Kama angeripoti Desemba na kupewa namba ya taarifa, angekuwa na hoja ya kuomba siku zisizo na huduma ziondolewe kwenye ankara. Bila namba ya taarifa hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Na gharama ya kisanduku kilichotupwa iko kwa muuguzi: kisanduku kilichoungua bado ni mali ya kampuni, kinarudishwa hata kikiwa mkaa.

Ilivyotakiwa kufanyika Septemba

Wiki mbili zinatosha, zikitumika mapema. Jambo la kwanza ni mwalimu kuusoma mkataba wake na kutafuta vitu vitatu: kama unaruhusu kubadilisha jina, miezi iliyobaki, na amana aliyoweka. Kisha anauliza kampuni swali ambalo watu husahau: anayeingia anaendeleza miezi 10 iliyobaki, au anaanzishiwa mkataba mpya wa miezi 24 kwenye waya ule ule? Tofauti ni kubwa. Akiendeleza, bei na masharti ya zamani kwa kawaida yanabaki. Akianza upya, anaweza kudaiwa hata ada ya kuunganishwa, na hapo ana haki ya kuhoji, kwa sababu waya upo na hakuna anayepanda nguzo. Ajibiwe kwa maandishi kabla ya kusaini.

Kwa mwalimu nako kuna hesabu. Kuvunja mkataba kabla ya muda, kama sharti ni kulipa miezi iliyobaki yote, ni 10 mara 60,000, yaani 600,000. Ndiyo maana inafaa kusumbuka kwa siku mbili tatu kubadilisha jina.

Siku ya ofisini waende wote wawili, na waende Kigoma, mwalimu akiwa bado hajafunga mizigo. Wote wabebe vitambulisho vya NIDA au namba zake, maana uthibitisho unaweza kufanywa kwa alama za vidole, na kidole hakitumwi kwa simu. Mwalimu abebe nakala ya mkataba na risiti ya mwisho. Muuguzi abebe mkataba wa pango, na kama hauna mhuri basi barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ambayo aiombe siku chache kabla kwa sababu mtendaji hapatikani kila saa. Kama nyumba ilihitaji idhini ya mwenye nyumba kuvuta waya, idhini hiyo nayo iandikwe upya kwa jina la anayeingia.

Deni lifikishwe sifuri kabla. Hapa hesabu ya siku inahitajika. Septemba ina siku 30, kwa hiyo 60,000 ni 2,000 kwa siku. Mwalimu ametumia siku 17, muuguzi anaanza tarehe 18 na ana siku 13: 34,000 kwa mwalimu na 26,000 kwa muuguzi. Kampuni nyingine hazigawi mwezi, zinabadilisha jina kuanzia tarehe ya ankara mpya tu. Ikiwa hivyo, mwalimu alipe mwezi mzima na muuguzi ampe 26,000 mkononi, na fomu ionyeshe jina linabadilika tarehe 1 Oktoba. Amana isisahaulike: ama mwalimu arudishiwe na muuguzi aweke yake, ama muuguzi amlipe mwalimu na kampuni iandike kuwa amana sasa ni ya muuguzi. Ikiachwa kimya, inapotea.

Kisha wapige picha ya lebo ya kisanduku. Ipigwe namba ya GPON SN, si ile ya MAC (anwani ya kifaa kwenye mtandao) iliyo karibu nayo, ambayo pia ina alama 12 na huwachanganya hata mafundi wapya. Picha hiyo iende kwenye hati ya makabidhiano kati yao wawili, karatasi moja yenye tarehe, namba ya kisanduku, adapta yake, hali ya waya, hesabu ya siku, na saini zao pamoja na ya shahidi. Mwenye nyumba anafaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kisanduku cha kampuni ni mali ya mtu wa tatu mnayoigawana bila yeye kuwepo.

Hati hiyo inaweza kuwa na maneno machache tu:

"Leo tarehe 18 Septemba, mimi mwenye mkataba namkabidhi mpangaji anayeingia kisanduku cha faiba chenye namba iliyotajwa hapa chini pamoja na adapta yake, vikiwa vizima na taa ya PON ya kijani. Ankara zote hadi leo zimelipwa. Ombi la kubadilisha jina limepokelewa ofisini, namba ya ombi iko hapa chini. Kuanzia leo hitilafu, ada na utunzaji wa kifaa ni wa mpangaji anayeingia."

Ikiwezekana fundi apime mwanga siku hiyo hiyo. Kati ya −15 na −25 dBm, kizio cha nguvu ya mwanga, ni afya njema; kipimo kikikaribia −27 huduma itakuwa inakatika, na ni heri kosa hilo lirekebishwe kwa jina la anayetoka kuliko la anayeingia.

Neno la siri la waifai muuguzi alibadilishe usiku wa kwanza, kwa sababu nusu ya mtaa inaweza kuwa nalo. Anafungua kivinjari akiwa ameunganishwa, anaandika 192.168.1.1 au 192.168.100.1 kutegemea kisanduku, anaingia kwa jina na neno la siri lililo kwenye lebo, anabadilisha jina la waifai na neno lake, basi. Kurasa nyingine asiziguse. Na mwalimu asijaribu kukisafisha kisanduku kwa kurejesha mipangilio ya kiwandani ati aache nyumba safi. Tumeona Novemba kilichotokea.

Kulinyoosha Machi, mmoja Tabora, mwingine Kigoma

Kuchelewa si kukosa, ila gharama imepanda. Mwalimu anaanza ofisi ya kampuni Tabora mjini. Anaomba kwanza taarifa kamili ya akaunti, mwezi kwa mwezi, iliyochapishwa, na si jumla tu ya kutajiwa mdomoni. Anauliza kama tarehe ya kusitishwa huduma ya Novemba na muda wa kuharibika kifaa vinaweza kupunguza chochote. Asitegemee sana, lakini aulize, na ajibiwe kwa karatasi.

Deni linalipwa kwa namba ya malipo ya akaunti ile ile ya Gungu, si kwa namba mpya ya ombi la Cheyo. Hili si dogo: pesa ikiingia akaunti isiyo yake, deni linabaki likisomeka na kuirudisha pesa kunachukua siku. Muuguzi amtumie mwalimu sehemu yake, mwalimu alipe kwa mkupuo mmoja na risiti aihifadhi.

Siku hiyo hiyo mwalimu anaandika ombi la kubadilisha jina, anathibitishwa kwa vidole Tabora, anaondoka na namba ya ombi. Muuguzi anaenda ofisi ya Kigoma na namba hiyo, NIDA yake, mkataba wa pango, na anajaza upande wake. Kama kampuni inataka wote wawe ofisi moja, mwalimu aandikishe hati ya uwakili kwa wakili, imtaje mtu mmoja atakayesaini kwa niaba yake Kigoma, itaje akaunti hiyo moja na kazi hiyo moja. Hati ya uwakili isiyo na mipaka haifai kwa jambo dogo kama hili.

Kisanduku kipya kinasajiliwa kwa jina la muuguzi, kikitoka kwa kampuni. Kile cha mitumba kinaweza kukubaliwa au kukataliwa kulingana na aina. Kikikataliwa, fedha hiyo imekwenda.

Ofisi ikizungusha bila jibu, lalamiko linaandikwa kwa kampuni kwanza, linapewa namba, na baada ya hapo ndipo linapelekwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kukimbilia TCRA bila namba ya lalamiko la kwanza ni kurudishwa nyuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, nayo ina msaada wake hapa: mwalimu anaweza kudai taarifa zake zirekebishwe, ili jina, simu na NIDA yake visiendelee kuning'inia kwenye huduma ya nyumba asiyoishi.

Ingekuwa ruta ya laini?

Nyumba nyingi za Kigoma na Tabora hazina faiba. Zina ruta ndogo yenye laini ndani. Hapo kinachobadilishwa jina ni laini yenyewe, na usajili wa laini Tanzania ni wa alama za vidole tangu 2019. Anayetoka na anayeingia wanafika duka la mtandao, mmoja anaachia, mwingine anasajiliwa. Kabla ya hapo anayetoka atoe salio la pesa mtandao lililomo, alipe mkopo wa simu kama upo, na atenganishe laini hiyo na benki au huduma yoyote aliyoiunganisha. Laini ya ruta mara nyingi haina pesa, ila asibahatishe. Aiweke kwenye simu aangalie. Baada ya siku chache apige *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Ikiwa bado inaonekana, kazi haijaisha, haidhuru mhudumu alisema nini.

Kama mwenye laini au mkataba amefariki, hakuna kidole cha kuachia. Zinahitajika cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na barua ya usimamizi wa mirathi, kwa familia nyingi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Asiendelee mtu kulipa na kutumia kwa jina la marehemu akisubiri mambo yatulie. Ankara na deni vinaingia kwenye mirathi na kuleta ugomvi usio wa lazima.

Na kwa wenye nyumba zinazobadilisha wapangaji kila mwaka, pengine ni afadhali mkataba uwe wa mwenye nyumba na ada iingie kwenye pango. Tunalisema kwa tahadhari, kwa sababu hapo mwenye nyumba ndiye anayejulikana kwa kila kinachofanywa na mtu asiyemfahamu vizuri kupitia waya wake. Kwa nyumba ya familia moja tunapendelea jina la anayeishi humo.

Namna ya kujua kwamba jina limebadilika

Ujumbe wa "ombi lako limepokelewa" si uthibitisho. Muuguzi apige huduma kwa wateja kwa namba yake mwenyewe, bila kumtaja mwalimu, aombe asomewe jina lililo kwenye akaunti, tarehe ya ankara inayofuata na namba ya kisanduku. Yakilingana na karatasi yake, jina limebadilika. Ankara ya kwanza ifike kwenye simu yake, si ya Tabora. Mwalimu naye aombe barua fupi au ujumbe wa kampuni unaosema akaunti ya Gungu haiko tena kwa jina lake na deni ni sifuri, aende nayo kufungua upya ombi la Cheyo. Nafasi kwenye kisanduku cha nguzo cha Cheyo aiulizie siku hiyo hiyo, kwa sababu zile nane zilikuwa zimejaa Septemba, na iliyoachwa wazi leo inaweza kuwa na mtu kesho.